Mwalimu Wacuka na Aproni za Bilhah

Katika safari zangu nimepekuliwa na maafisa wa mpakani wa nchi nyingi, na ni wachache walionikagua kwa ukali wa Rachael Wacuka, mwalimu mstaafu wa Kiswahili katika mji mdogo wa Kipkelion. Afisa wa mpakani hukuuliza unatoka wapi. Wacuka hukuuliza nani mwingine amesema hivyo, ameandika wapi, na kama alilipwa.

Kiti chake cha hukumu ni kiti cha plastiki kibarazani, katika nyumba ya mabati iliyo mlimani, juu ya reli ya zamani, na kompyuta yake hufunikwa taulo ili isiingie vumbi. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa mmoja wa wakabidhi wa kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili, ile ensaiklopidia ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia, na ambayo watu wachache wasiolipwa huifagia kila siku. Mkabidhi anaweza kufuta ukurasa, na anaweza kumfungia mwandishi mlango. Wacuka amefuta askofu wa Soin aliyejitawaza mwenyewe. Amefuta kwaya, timu ya mpira, hoteli mbili, na mwanasiasa wa wadi aliyejiita nembo ya maendeleo. Alifuta hata ukurasa wa shule aliyofundisha yeye mwenyewe, kwa sababu kila sentensi iliyomo ilikuwa imetoka kwa mwalimu mkuu. Walimu wenzake waliacha kumwalika harusini. Alisema afadhali, chakula cha harusi humpa kiungulia.

Alizaliwa hapo hapo Kipkelion. Baba yake, Zacheus, alikuja kutoka Nyeri na kufungua duka karibu na stesheni wakati treni bado zilikuwa zinasimama. Mume alikufa, mwana yuko Nakuru, duka liliuzwa. Kilichobaki ni Wacuka na ukali wake.

Ng'ambo ya barabara, chini kidogo ya nyumba yake, kuna chumba kirefu chenye vyerehani sita. Humo hushonwa aproni za wachuma chai. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Bilhah Chelangat, ambaye sasa ni mzee sana na wote humwita Kogo, yaani bibi. Zamani wachumaji walikuwa wakijifunga gunia la mbolea kiunoni. Umande wa asubuhi uliwalowesha hadi mapajani, na vijiti vya michai vikararua magunia baada ya wiki chache. Bilhah alichukua turubai la lori, akalikata, akashona sehemu ya mbele maradufu, na mikanda akaipitisha mgongoni kwa kuipishanisha ili isisuguane na kamba ya kikapu. Ni jambo dogo. Lakini ukitembea leo kutoka Kericho hadi Bomet utaiona mikanda hiyo iliyopishana kwenye mgongo wa kila mchumaji ambaye mashine haijamfukuza kazi.

Siku hizi duka hilo la aproni linaendeshwa na mwanawe, Alexander Kipkurui, mtu mnene mwenye haraka. Mwaka jana alipata tatizo. Kampuni moja ya Nairobi ilianza kuuza aproni zile zile, mikanda ile ile, ikitangaza kwamba ni ubunifu wake. Afisa ununuzi wa shamba moja kubwa la chai, aliyekuwa karibu kuwapa watu wa Kipkelion kazi ya msimu mzima, akampigia Kipkurui simu.

"Nimewatafuta mtandaoni, siwaoni. Hawa wa Nairobi nawaona. Mnasema nyinyi ndio mlianza. Nionyeshe mahali pameandikwa."

Kipkurui alikwenda mbio kwa Nelvine, mwenye saiba, duka la intaneti la pekee mjini, na kumwomba aandike ukurasa katika kamusi elezo. Nelvine, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandikia watu barua za maombi ya kazi, aliandika jinsi alivyozoea: "Aproni za Chelangat ni kampuni mashuhuri duniani yenye ubora usio na kifani. Piga simu sasa."

Wacuka aliuona ukurasa huo kabla chai yake haijapoa. Alianza kwa kuondoa namba ya simu. Akaondoa "duniani". Akaondoa "mashuhuri", kisha "ubora", kisha "usio na kifani". Ilibaki sentensi moja iliyosema kwamba duka lipo na aproni yake ilibuniwa na Bilhah Chelangat. Juu yake akabandika ilani: umaarufu wa biashara hii haujathibitishwa, jamii itajadili kwa wiki moja kama ukurasa ubaki au ufutwe.

Kipkurui alifika kibarazani jioni hiyo bila kubisha hodi.

"Mwalimu, umeanza tena?"

"Pangusa viatu."

"Ulinichapa nikiwa darasa la sita, sasa unanichapa nikiwa na ndevu."

"Darasa la sita ulikuwa umenakili insha ya Molly. Hii umenakili wapi?"

Kipkurui alimwaga mezani vitu alivyobeba kwenye mfuko. Wacuka akavipitia kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegeuza mboga ili aone mdudu.

"Kalenda hii nani aliichapisha?"

"Sisi."

"Cheti hiki cha maonyesho ya kilimo?"

"Tulishiriki. Soma hapo, tulishiriki!"

"Kila aliyesimamisha meza alipewa. Hata yule wa dawa ya panya."

"Haya, redio. Redio ya Kipsigis ilitutaja wiki nzima, asubuhi na jioni."

"Lilikuwa tangazo. Ulilipia."

"Sasa Mwalimu, katika Kenya hii nzima, ni nani atanitangaza bure?"

"Huyo ndiye ninayemtafuta."

Kipkurui aligonga meza. "Lakini wewe unajua! Ulikuwa unapita dukani kila asubuhi ukienda shule. Ulimwona mama na lile turubai kwenye magoti, akilikata na kisu kwa sababu mkasi ulikuwa umekataa. Ulisimama ukamuuliza anafanya nini!"

"Nilimuuliza. Akaniambia niende nikafundishe. Nakumbuka vizuri, lakini mimi si gazeti."

"Ni wivu tu. Lingekuwa duka la mzee Zacheus, lingekuwa na kurasa tatu."

"Duka la baba halina hata mstari. Tafuta."

Alitafuta kweli, pale pale, kwenye simu yake, na hakupata kitu. Hilo lilimkasirisha zaidi.

"Haya. Nani anaamua?"

"Jamii ya kamusi. Yeyote anaweza kuja atoe hoja. Wanajadiliana mpaka waafikiane."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Mpaka waafikiane?" Kwa mara ya kwanza jioni hiyo Kipkurui alicheka. "Kumbe ni kokwet! Si ungesema tangu mwanzo?"

Wacuka hakumrekebisha. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amechoka, na alitaka mtu yule aondoke.

Msomaji asiyeijua nchi hiyo ya chai lazima aelezwe kokwet ni nini, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Ni baraza la majirani wa mlima mmoja. Watu huketi kwenye nyasi, kila mmoja husema, na hakuna anayepiga kura. Maneno huachwa yazunguke mpaka yaelekee upande mmoja. Yakishaelekea, kila mtu huyathibitisha kwa kuyarudia kama yalivyo. Kuongeza neno lako mwenyewe baada ya maafikiano ni utovu wa adabu. Ni sawa na kusema kwamba wenzako hawakusema vizuri.

Jumamosi Kipkurui aliita kokwet kwenye nyasi zilizo nyuma ya duka. Mzee Kipchoge, aliyekuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani, ndiye aliyeendesha mkutano. Watu walisema walichojua: nani alivaa aproni ya kwanza, nani alicheka kwamba mwanamke yule amevaa hema, nani aliyecheka kisha akarudi kununua. Hakuna aliyebisha. Mchana ulipogeuka, Kipchoge alisimama.

"Maneno yakibaki hapa kwenye nyasi, hao wa mtandao hawatayasikia. Twendeni."

Wakashuka wote kwa Nelvine, watu zaidi ya arobaini, wakapanga foleni hadi nje. Kila mmoja alifunguliwa akaunti kwa jina lake halisi, na kila mmoja akaandika au akaandikiwa sentensi ile ile: "Nakubaliana na waliotangulia. Duka la Bilhah libaki." Hakuna aliyebadilisha hata nukta. Wa mwisho alikuwa Bilhah mwenyewe, akigonga herufi kwa kidole kimoja na kumfukuza Nelvine kila alipotaka kumsaidia.

Kama wangekuja na maneno arobaini tofauti, pengine wangemchanganya mkabidhi yeyote. Walikuja na adabu yao kamili, na adabu hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Mkabidhi mwingine aliyekuwa kazini siku hiyo alikuwa Obure, mhandisi wa Kisumu ambaye Wacuka amefanya naye kazi miaka mingi bila kumwona uso. Obure aliona akaunti arobaini na kitu, zote zimezaliwa alasiri moja, kwenye mtandao wa duka moja, zikisema sentensi moja. Alifanya kile ambacho mlinzi yeyote angefanya. Alizifunga zote na kuandika pembeni ya kila jina: akaunti bandia, si mtu halisi. Kisha akamwandikia Wacuka: "Dada Rachael, tumekamata genge zima. Mtu mmoja, sura arobaini. Hata wamejitengenezea bibi kizee! Funga mjadala ufute."

Nelvine ndiye aliyeiona ilani hiyo ya Obure kwanza, na kufikia asubuhi mji mzima ulikuwa umeisoma. Sijui kama kuna tusi baya kuliko hilo kwa watu ambao ndio kwanza wametoka kukubaliana. Nimesikia matusi katika lugha nyingi. Mengi husema wewe ni mbaya, lakini hili lilisema hupo.

Rodah, anayemletea Wacuka maziwa, alisimama getini mikono mitupu.

"Maziwa yako wapi?" Wacuka akauliza.

"Mimi si mtu halisi, Mwalimu. Mtu asiye halisi hana ng'ombe."

Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Kwenye duka la dawa, mwuzaji alimwomba athibitishe maumivu yake kwa maandishi ya mtu asiye jamaa. Watu walicheka hadi nje. Wacuka alinunua dawa yake, akahesabu chenji mbele yao polepole, akaondoka.

Alasiri hiyo Bilhah alipanda mlima. Kipkurui alimshika mkono, naye akamsukuma kila hatua chache. Aliketi kibarazani bila kukaribishwa, kwenye kile kiti cha plastiki, akamwacha mwenye nyumba amesimama.

"Mtoto wa Zacheus, nimekuja uniguse."

"Nakuona, Kogo."

"Kuona si kugusa. Huyo mtu wako wa Kisumu anasema nimetengenezwa. Gusa, uone kama ni turubai."

Wacuka alimgusa begani, kwa vidole viwili. Kipkurui alikuwa anapiga hatua huku na huku kibarazani.

"Mwambie sasa! Mwambie huyo Obure! Ama na wewe pia ni bandia?"

Wacuka aliondoa taulo kwenye kompyuta, akainama kwa kuwa hakuwa na kiti, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Obure, hawa ni watu. Karibu nusu yao niliwafundisha, na hawakujifunza. Ondoa neno bandia."

Jibu lilikuja upesi. "Hata kama ni watu, wameitwa. Hoja arobaini zinazofanana ni hoja moja."

"Ni hoja moja," Wacuka aliandika. "Lakini ni watu."

"Unawatetea kwa kuwa ni majirani zako."

"Simpendi hata mmoja wao. Ondoa, au naondoa mwenyewe na kukushtaki kwa wakabidhi wengine."

Neno likaanza kuondoka, jina baada ya jina, mpaka likafika kwa Bilhah Chelangat na kuondoka hapo pia. Kipkurui alipiga makofi.

"Umeona, Mama? Tumeshinda! Duka limebaki!"

"Kaa chini, Alexander," Wacuka akasema. "Sijamaliza."

Alifungua ukurasa wa duka, ambao wiki yake ya mjadala ilikuwa imetimia siku hiyo. Sentensi ile moja ilikuwa pale, na sote tuliozoea vitabu tunajua jinsi sentensi moja iliyo peke yake inavyoonekana yatima.

"Mwalimu, usithubutu."

"Sikiliza. Nikiuacha kwa sababu mimi najua, kesho mkurugenzi wa hiyo kampuni ya Nairobi atakuja na majirani zake. Nao watasema wanajua. Nitamfukuza kwa lipi?"

"Yeye ni mwongo!"

"Nitajuaje? Hayuko ng'ambo ya barabara yangu. Hakuna mtu wa nje, hata mmoja, aliyewahi kukaa chini akaandika habari zenu. Kitabu hiki hakipokei kinachojulikana. Kinapokea kilichoandikwa."

Akabonyeza kufuta. Kipkurui alitoa neno la Kipsigis lililomfanya mama yake amchape paja papo hapo, na sitalifasiri. Bilhah hakupandisha sauti.

"Umesema nipo, halafu umesema sikufanya kitu."

"Sijasema hukufanya, Kogo. Nimesema haikuandikwa."

"Mimi nilikuwa nashona. Ningeandika saa ngapi? Wewe ndiye ulikuwa unapita hapo na kalamu kwenye nywele, miaka yote hiyo. Ulikuwa unaandika nini?"

Walipoondoka Wacuka alibaki amesimama, ingawa kiti kilikuwa kimeachwa.

Kazi ya msimu ilikwenda Nairobi. Wanawake wawili kati ya washonaji sita walirudishwa nyumbani, na mmoja wao ni Molly, yule yule mwenye insha. Hapo hasira ya mji ikaacha mizaha. Mawe mawili yalitupwa juu ya mabati ya Wacuka mchana kweupe. Alitoka na fagio akayafagia hadi barabarani, akayaacha mahali waliotupa wangeyaona. Ndipo Mzee Kipchoge akaita kokwet nyingine, na safari hii aliyeitwa ajibu alikuwa mwalimu.

Nilikuwepo, pembeni, kwa ruhusa. Wacuka alikuja amejibebea kiti chake.

"Hapa tunaketi kwenye nyasi," Kipchoge alisema.

"Nyasi zimelowa."

"Zimelowa kwetu sote."

Aliketi. Walizungumza kwa Kipsigis, naye akajibu kwa Kipsigis safi, safi kuliko cha baadhi ya wazee.

"Unajua kwamba Bilhah ndiye aliyeshona ya kwanza?" Kipchoge aliuliza.

"Najua."

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Na ulikuwa na uwezo wa kuacha jina lake likae?"

"Nilikuwa nao."

"Basi kubali kwamba ulikosa, tumalize, watu wakakamue ng'ombe."

"Nilikosa kwa kutoandika. Miaka yote ile ningeweza kupeleka makala gazetini, na sikupeleka. Hilo nalikubali, na nitalirudia mara mnazotaka. Kufuta sikukosa. Mkileta ukurasa ule ule kesho, nitaufuta kesho."

Watu walinguruma. Kipkurui aliruka na kusimama. "Hajakubali! Anachagua kipande, kama mtu aliye kwa bucha!"

Kokwet haikati neno vipande viwili. Aliyeitwa hukubaliana na yote, au watu huendelea kuketi. Kipchoge aliyazungusha maneno tena, kutoka mtu hadi mtu, na kila yalipofika kwa Wacuka yalikwama mahali pale pale. Mawingu ya alasiri yalikuwa yameshafunika mashamba ya chai upande wa Kericho. Hapo mwanamume mmoja wa nyuma akapaza sauti.

"Huyu si wa hapa! Kwao ni Nyeri! Tufunge mkutano bila yeye!"

Alichosema kilikuwa njia halali. Neno la mgeni halizuii maafikiano. Wangemtangaza mgeni, wangekubaliana wao kwa wao kwamba alikosa, wangekwenda nyumbani kabla ya mvua. Na kila mtu pale, aliye na kumbukumbu ya miaka mibaya ya uchaguzi, nyumba za walioitwa wageni zilipochomwa, alijua kitu gani kingine huanza kwa maneno hayo. Wacuka alikuwa ameshika nyasi kwa mikono miwili. Kipchoge alimtazama Bilhah.

Bilhah alikuwa na kila sababu ya kukubali.

"Mgeni angeniogopa," alisema. "Huyu amenifuta nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Ni wa hapa. Neno lake linazuia."

"Kogo, basi hatutamaliza!" Kipkurui alilalamika.

"Hatutamaliza. Nani amekuambia nataka kumaliza?"

Mvua ikafika, nzito na yenye barafu ndani yake, na watu wakainuka wakijifunika kwa chochote, wengi wao kwa aproni. Kipchoge alipiga kelele kwamba hakuna kilichokubaliwa, na kwamba wataketi tena Jumamosi. Wameketi kila Jumamosi tangu hapo. Mara ya mwisho nilipopita Kipkelion walikuwa bado wanaketi, na Wacuka hakuwa amesogea hata nusu neno, wala wao. Hakuna anayemsalimu njiani kati ya Jumamosi moja na nyingine. Mkutano ambao haujafungwa hauruhusu salamu, lakini hauruhusu mawe pia.

Siku hiyo ya mvua alipanda kwake polepole, kiti kichwani badala ya mwavuli. Bilhah, aliyesimama mlangoni pa duka, alimfuata kwa sauti.

"Na Jumamosi uje umekula! Tumbo lako linanguruma nikiwa naongea!"

"Ongea kidogo basi!" Wacuka alijibu, bila kugeuka.